Mgao wa wiki: sigara, chokoleti na askari wa anga wa Marekani waliobaki Ujerumani

Kila wiki walipanga foleni mbele ya duka la jeshi, kadi ya mgao mkononi. Kwa kadi hiyo mwanajeshi wa anga wa Marekani aliyebaki Ujerumani baada ya Mei 1945 alijipatia pakiti zake za sigara, sabuni, nyembe, chingamu na vipande kadhaa vya chokoleti. Kwao Ohio au Texas vitu hivyo havikuwa vya kumsimulia mtu. Lakini akishavuka lango la kambi na pakiti mbili mfukoni, alikuwa tajiri kumshinda profesa wa chuo kikuu aliyekuwa akiishi kwenye jengo lisilo na paa.

Habari za askari hawa nimezisoma kwa miaka mingi, na kila mara nakutana na picha mbili zinazosimuliwa kana kwamba zinahusu watu wa mataifa mawili. Ya kwanza ni ya 1946: kijana mzembe, mlevi, mlanguzi wa sigara, anayenunua kamera ya Leica kwa katoni chache na ukaribu wa msichana mwenye njaa kwa pakiti moja. Ya pili ni ya 1948: rubani mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, anayepeleka makaa ya mawe Berlin na kuwadondoshea watoto chokoleti kutoka angani. Wanaoshika picha ya kwanza husema Marekani ilikwenda kupora. Wanaoshika ya pili husema ilikwenda kuokoa.

Mimi nashikilia kwamba mfuko ulikuwa mmoja. Chokoleti iliyoshuka kwa leso juu ya Berlin ilitoka kwenye kadi ile ile ya mgao ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa ikinunua saa, kamera na watu. Kilichobadilika ni nguvu ya kile kilichomo mfukoni, na kazi ya mwenye mfuko. Yote mawili yalibadilika katika wiki moja ya Juni 1948.

Nianze na kazi, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuisha.

Vita vya Ulaya vilisimama tarehe 8 Mei 1945. Siku hizo hizo Jeshi la Nane la Anga, lenye viwanja vyake mashariki mwa Uingereza, liliwafanyia mafundi wake jambo ambalo wengi wao hawakulipata muda wote wa vita: liliwapandisha kwenye ndege walizokuwa wakizitengeneza. Fundi wa injini, mpishi, karani, mpakia mabomu, wote walirushwa chini chini juu ya mto Rhine na bonde la Ruhr ili waone kazi yao ilikwenda wapi. Miaka yote hiyo walikuwa wakiziaga ndege alfajiri na kuzihesabu jioni, zilizorudi na zisizorudi. Sasa walichungulia wenyewe wakaiona Cologne: kanisa kuu limesimama na minara yake miwili, na mji wote ulioizunguka ni vifusi. Hakuna gwaride la ushindi ambalo lingemfundisha fundi zaidi ya dakika zile.

Baada ya hapo hapakuwa tena na ndege ya kuisubiri jioni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kufunga duka. Ndege za kivita zilizokuwa zikikeshewa na mafundi ziliegeshwa mistari kwa mistari, kisha zikakatwa vyuma chakavu. Vikosi vichache vilipewa jambo la maana. Vipo vya ndege za mabomu za B-17 vilivyoendelea kuruka hadi 1946 kupiga picha za ramani za Ulaya na Afrika kaskazini. Wengine walibakiwa na lindo, gwaride, usafi wa bweni na ukaguzi wa viatu.

Na hesabu. Kila mtu kambini alikuwa na hesabu yake kichwani, ya alama za kurudi nyumbani. Mwezi mmoja jeshini ulikuwa alama 1. Mwezi mmoja ng'ambo uliongeza alama 1 nyingine. Nishani au nyota ya kampeni ilikuwa alama 5, na kila mtoto aliyeachwa nyumbani alikuwa alama 12, mwisho watoto watatu. Mei 1945 aliyefikisha alama 85 alikuwa na haki ya kuondoka. Sioni ubaya katika nia ya mpango huo. Ulijaribu kumtanguliza aliyeumia zaidi. Lakini uangalie kwa jicho la fundi. Mrukaji wa ndege za mabomu alikuwa na nishani kadhaa kifuani, na kila moja ilikuwa alama 5. Fundi asiyekuwa na mtoto, aliyekesha kwenye baridi akibadilisha injini ili mrukaji yule arudi salama, alitegemea zaidi miezi yake. Aliwasindikiza wenzake hadi kwenye malori, akarudi bwenini kujumlisha upya.

Mpango huo ulikuwa na tatizo jingine ambalo makao makuu yaliliona likiwa limeshatokea. Wenye alama nyingi ndio waliokuwa na ujuzi mwingi. Walipoondoka waliondoka na kazi. Jeshi la anga lililokuwa na watu zaidi ya 2,400,000 mwaka 1944 lilibaki na kama 300,000 kufikia 1947, na ndani ya hao 300,000 walikuwamo vijana wengi waliovaa sare baada ya bunduki kunyamaza. Walipelekwa kwenye viwanja vyenye ndege zisizoweza kuruka kwa kukosa watu wa kuzihudumia. Kijana wa miaka 19 aliyefika Ujerumani mwaka 1946 hakuwahi kumwona adui. Alikuta mji uliobomoka, bibi anayeomba maganda ya viazi, na bosi asiyejua ampe kazi gani.

Viongozi walijaribu kuyajaza masaa hayo. Vilifunguliwa vyuo vya jeshi, kimoja Shrivenham, Uingereza, kingine Biarritz, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako askari alisoma historia, kilimo au uhandisi akisubiri meli. Palikuwa na sinema, redio ya jeshi, besiboli na gazeti lililochapisha barua za malalamiko. Chakula kilikuwa kingi. Hata hivyo Januari 1946, Wizara ya Vita ilipotangaza kuwa kasi ya kurudisha watu ingeshuka kutoka kama 800,000 kwa mwezi hadi 300,000, maelfu waliandamana Manila, na moto ukasambaa Guam, Hawaii, Japani, Ufaransa hadi Frankfurt, ambako askari walielekea makao makuu ya Jenerali Joseph McNarney kudai maelezo. Nyumbani wake zao waliwatumia wabunge viatu vya watoto wachanga kwa posta. Jenerali Eisenhower, shujaa wa Ulaya, alizingirwa Washington na kundi la wake za askari waliotaka kujua waume zao wanarudi lini. Mwezi huo huo askari wa anga wa Uingereza waligoma Karachi, na mgomo wao ukaenea viwanja vya India, Ceylon na Singapore. Keya wetu, askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma chini ya Mwingereza, nao waliijua kusubiri meli, ingawa wao hawakuwa na wabunge wa kutumiwa viatu.

Wapo walioyaita maandamano hayo utovu wa nidhamu, na wengine wakaona mkono wa wakomunisti. Siwaungi mkono. Watu hawa walikuwa wameshiba, wana blanketi na sinema, na wakaandamana. Walikuwa wakiuliza swali moja ambalo hakuna afande aliyewajibu kwa uwazi: tunabaki hapa kufanya nini? Walipoondoka nyumbani waliambiwa wanakwenda kumshinda Hitler. Hitler amekufa. Sasa? Serikali yenyewe ilikuwa bado haijaamua kama Ujerumani ni ya kuadhibiwa, kulishwa au kulindwa, kwa hiyo haikuwa na la kumwambia kijana wa lindo. Askari asiyeambiwa kwa nini yuko alipo atajitafutia sababu yake mwenyewe, na wengi waliipata ndani ya mfuko.

Mfuko ule ulifanya kazi hivi. Reichsmark, fedha ya Ujerumani, ilikuwa imebaki karatasi. Bei rasmi zilikuwa zimefungwa na serikali za ukaliaji, maduka yalikuwa matupu, na mkulima hakuona sababu ya kuuza nguruwe wake kwa noti ambazo hazinunui kitu. Watu wakajitafutia fedha nyingine, yenye thamani inayoaminika, inayogawanyika, inayobebeka, isiyooza upesi. Sigara ya Kimarekani ilitimiza yote. Katoni moja yenye pakiti kumi ilimgharimu askari chini ya dola moja kwenye duka la jeshi. Berlin, katika miezi mibaya, iliweza kuuzwa Reichsmark 1,000 na zaidi. Kiwango rasmi kilikuwa Reichsmark 10 kwa dola, na kwa muda fulani jeshi lenyewe lilikuwa likimbadilishia askari marki zake kuwa dola na kuzituma kwao. Piga hesabu. Mtu asiyevuta sigara aligeuza pungufu ya dola moja kuwa dola 100 bila kufanya kazi yoyote zaidi ya kupanga foleni. Wafanyakazi wengi wa Kijerumani hawakupata Reichsmark 200 kwa mwezi. Sigara iliyovutwa haikuishia hapo. Vipisi viliokotwa barabarani, tumbaku ikakusanywa, ikasokotwa upya.

Berlin kulikuwa na mteja mwingine. Askari wa Kisovieti walikuwa wamelipwa malimbikizo yao kwa marki za ukaliaji ambazo hawakuruhusiwa kurudi nazo kwao, na walizipenda saa za mkononi. Waliwalipa Wamarekani mabunda ya noti kwa saa ambayo Chicago ingeuzwa dola chache. Fedha ambazo askari wa Berlin walituma nyumbani zikazidi mishahara waliyolipwa, na hazina ya Marekani ilikuja kugundua imebadilisha marki kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 200. Ndipo Septemba 1946 jeshi lilipoleta vocha zake lenyewe za malipo, ambazo mwanajeshi angetumia ndani ya mfumo wa jeshi peke yake. Vocha zilikata njia ya marki kuwa dola. Hazikugusa sigara. Asiyeweza kupata dola alichukua kamera, vyombo vya kaure, zulia au piano.

Nimetaja watu miongoni mwa vilivyonunuliwa, na sitaki kulipita neno hilo haraka. Amri ya mwanzo ilikataza kabisa kuzoeana na Wajerumani. Faini ilikuwa dola 65, wakati mshahara wa msingi wa askari wa ngazi ya chini kabisa ulikuwa dola 50 kwa mwezi. Amri hiyo haikushikika. Juni 1945 iliwaachia watoto, kwa kuwa hakuna afisa aliyeweza kumzuia kijana wa Iowa kumpa mtoto peremende. Julai ikaruhusu mazungumzo hadharani. Oktoba 1 ikaondolewa. Kilichobaki kilikuwa uhusiano kati ya mwenye chakula na asiye nacho. Katika kanda ya Marekani, moja ya kanda nne ambazo washindi waligawana Ujerumani, mgao wa chakula wa raia ulishuka hadi kalori 1,275 kwa siku katika majira ya kuchipua ya 1946, takriban nusu ya mahitaji ya mtu mzima anayefanya kazi. Mwanamke aliyefua nguo za askari alilipwa sabuni, na sehemu ya sabuni hiyo akaibadilisha kuwa unga. Mwingine alikuwa na mama mgonjwa, wadogo zake wawili, mume aliyekuwa mateka Urusi. Katika hali hiyo nani aseme hapa lilianza penzi na pale iliishia biashara? Yapo mapenzi ya kweli yaliyozaliwa pale. Zuio la kuoa Wajerumani lilipoondolewa Desemba 1946, watu walijitokeza kufunga ndoa ambazo nyingine zilidumu hadi uzeeni. Lakini anayezisimulia ndoa hizo na kuziacha nje kalori 1,275 anatudanganya.

Tangu Aprili 1946 familia za Wamarekani nazo zilianza kuteremka Bremerhaven. Wenye nyumba wa Kijerumani walipewa muda mfupi wa kuhama, wakaacha vitanda, vyombo na jiko. Wiesbaden, makao makuu ya jeshi la anga la Marekani barani Ulaya, ilikuwa imenusurika mabomu kuliko miji mingi, na kwa sababu hiyo hiyo nyumba zake zilitamaniwa. Katika baridi kali ya 1946 kuingia 1947, nyumba ya afisa ilikuwa na joto na taa, na mwenye nyumba yake alikuwa amebanana na ndugu mtaa wa pili, akikata kiti kuwa kuni.

Jambo moja la maisha ya kila siku kambini huachwa nje mara nyingi. Jeshi hili lililokuja kuwaondolea Wajerumani fikra za ubora wa damu lilikuwa lenyewe limetenganishwa kwa rangi. Askari weusi walilala mabweni yao, walikula mabwalo yao, na wengi walipewa malori, upakiaji na ujenzi hata kama walikuwa na ujuzi wa kazi nyingine. Wapo waliosema baadaye kuwa mitaa ya Ujerumani iliyoshindwa iliwapa pumzi ambayo majimbo ya kusini ya nchi yao yalikuwa yakiwanyima: kuingia mkahawani, kuketi, kuhudumiwa. Linauma, maana ni hukumu juu ya taifa lililowatuma. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi majeshini ilitoka tarehe 26 Julai 1948, na jeshi la anga likaanza kuvunja vikosi vya watu weusi peke yao mwaka 1949.

Sasa tufike Juni 1948.

Jumapili ya tarehe 20, kanda tatu za magharibi, za Marekani, Uingereza na Ufaransa, zilianza kugawa fedha mpya, Deutsche Mark. Asubuhi iliyofuata madirisha ya maduka yalijaa bidhaa ambazo watu walidhani hazipo. Wafanyabiashara walikuwa wameficha. Mkulima akapokea noti. Sigara ikashuka kutoka kiti cha fedha ikarudi kuwa kitu cha kuvuta. Magendo hayakufa siku hiyo, na Berlin yaliendelea, kahawa ikiwa mbele. Lakini yule kijana wa kambini aliyekuwa akitoka langoni kama tajiri aligundua kwamba anatoka kama mtu mwenye pakiti ya sigara.

Siku nne baadaye, tarehe 24, Wasovieti walifunga reli, barabara na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi, mji wa watu zaidi ya milioni mbili uliozungukwa na kanda yao. Tarehe 26 ndege za kwanza za mizigo, za C-47, ziliruka kutoka Wiesbaden. Hesabu ya wakati huo ilisema mji ungehitaji kama tani 4,500 kila siku ili usife. C-47 ilibeba kama tani tatu. Hakuna aliyefikiri jambo hilo linawezekana kwa zaidi ya wiki chache, na marubani wengi waliitwa kutoka Alaska, Hawaii na Panama kwa maneno hayo hayo: wiki chache, chukua nguo za kubadilisha. Wiki zikawa miezi mitatu, miezi mitatu ikawa sita.

Ukiangalia hali za kulala, miezi ile ilikuwa mibaya kuliko 1946. Rhein-Main, kando ya Frankfurt, iligeuka bahari ya matope. Watu walijazana kwenye darini na vibanda vya karatasi za lami, wa zamu ya usiku na wa zamu ya mchana chumba kimoja, kila mmoja akimwamsha mwenzake. Mafundi walifanya kazi nje kwenye ukungu na barafu kwa kuwa mahanga hayakutosha. Theluthi mbili za mzigo zilikuwa makaa ya mawe, na vumbi lake liliingia kwenye nyaya, kwenye vipimo, kwenye mapafu, kwenye mkate. Jenerali William Tunner alipochukua usukani mwishoni mwa Julai aliendesha kazi kama kiwanda: ndege kila dakika tatu, mwendo mmoja, kimo kilichopangwa, na rubani akishindwa kutua mara ya kwanza anarudi na mzigo wake hadi alikotoka. Aliwazuia marubani kwenda kujistarehesha ndani ya jengo la Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin. Gari la kahawa na mikate likawafuata chini ya bawa, pamoja na mtu wa hali ya hewa. Berlin wapakuaji wa Kijerumani waliimaliza ndege ya C-54, kubwa kuliko C-47 na yenye tani kumi, katika dakika chache.

Manung'uniko yalikuwapo. Wake walioachwa Alaska au Montana hawakujua kama kodi ya nyumba italipwa. Gazeti la operesheni lilichora katuni za kuwachokoa wakubwa, na Tunner aliziachia zichapwe, jambo ninalomheshimu nalo. Lakini sikuona popote kwamba vijana hawa waliuliza lile swali la Januari 1946. Hawakuwa na haja. Rubani alitua kati ya majengo ya ghorofa, akafungua mlango, akamwona mzee wa Kijerumani akishika gunia la unga kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Jibu lilikuwa pale, mara mbili au tatu kwa siku.

Mshindi na mshindwa nao walianza kufanya kazi begani kwa bega. Mafundi wa Marekani hawakutosha, na Tunner akaomba ruhusa ya kuajiri mafundi waliotumikia jeshi la anga la Hitler. Watu ambao miaka minne nyuma walitengeneza ndege za kuziangusha B-17 sasa walishika spana moja na waliozitengeneza B-17. Tegel, kaskazini-magharibi mwa mji, kama watu 17,000 wa Berlin, karibu nusu yao wanawake, walijenga uwanja mpya wa ndege kwa zamu za usiku na mchana, kuanzia Agosti hadi Novemba, kwa kutumia vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu kama msingi wa barabara ya ndege. Tarehe 25 Julai ndege moja ya C-47 ilianguka mbele ya nyumba za watu Friedenau na marubani wake wawili wakafa. Wakazi waliweka maua, kisha bamba la kuwashukuru. Mtaa huo ungeweza kabisa kuwa na nyumba iliyoteketezwa na ndege za nchi hiyo hiyo. Hadi mwisho wa operesheni, Septemba 1949, watu 101 walikuwa wamekufa, 31 kati yao Wamarekani.

Najua pingamizi. Mtu atasema vijana wa 1948 hawakuwa wale wa 1946. Wengi wa kwanza walishakwenda kwao, na watu tofauti hufanya mambo tofauti. Ni kweli walibadilika majina. Lakini hawa wa 1948 walitoka nchi ile ile, mafunzo yale yale, duka lile lile, na wengi wa maafisa walikuwa wamepigana vita vile vile. Hakuna aliyewachuja kwa wema kabla ya kuwapandisha ndege. Atasema pia kwamba Washington ilikuwa na hesabu zake za kisiasa na Moscow, na huruma haikuwa sababu. Nakubali. Ninachoandika hapa hakihusu nia ya Washington. Kinahusu kijana mwenye kadi ya mgao, na ni nini kinamfanya aitumie hivi leo na vile kesho.

Mmoja wao aliitwa Gail Halvorsen, mtoto wa mkulima wa Utah. Julai 1948 alikwenda kwenye uzio wa Tempelhof na kukuta kama watoto thelathini wakitazama ndege. Walizungumza naye kuhusu unga na kuhusu uhuru. Kilichomgusa ni kwamba hakuna aliyenyoosha mkono. Watoto wa miji mingine aliyopita walikuwa wamezoea kukimbia nyuma ya Mmarekani wakiomba, hawa hawakuomba. Alikuwa na vijiti viwili tu vya chingamu. Walivigawana vipande vidogo, na waliokosa walipitishiana karatasi na kuinusa. Akawaahidi kesho yake atadondosha zaidi, na kwamba wataitambua ndege yake kwa kutikisa mabawa. Usiku ule alikusanya mgao wake na wa wenzake wawili wa ndege, akaufunga kwenye leso tatu.

Kila safari nikifika hapo nasimama. Mgao wa watu watatu ulikuwa mali nzuri ya magendo. Bado ungepata mnunuzi. Mpango ule ulipojulikana na Tunner akaubariki, marubani wengine walileta wa kwao, na hadi mwisho zaidi ya tani 20 za peremende zilikuwa zimeshuka. Siamini kwamba ghafla kambi nzima iliota mbawa za malaika. Walikuwa na kazi waliyoielewa, na ile chokoleti ilikuwa haimnunulii mtu dunia tena, kwa hiyo kuitoa kulikuwa kumerudi kuwa jambo la kawaida, kama ambavyo kungekuwa kwao Utah.

Watoto walianza kuandika barua. Mvulana mmoja, ambaye mbio zake hazikumwezesha kuwahi leso uwanjani, alituma ramani ya mtaa wao na maelekezo: fuata mfereji, barabara ya pili, nyumba iliyobomolewa kwenye kona, nitakuwa uani kila siku saa nane mchana. Halvorsen alijaribu akakosea. Mvulana akaandika tena, safari hii kwa hasira. Nimekupa ramani, wewe ni rubani, alisema. Ninyi mlishindaje vita? Halvorsen alijaribu tena, akakosea tena, na mwishowe akampelekea chokoleti yake kwa posta ya Berlin.

Mwaka 1946 mtoto wa Kijerumani hakuweza kumwandikia Mmarekani barua ya namna hiyo. Huyu aliiandika, akarudi uani kusubiri saa nane.